Chanzo Bila Mkosaji

Ukienda kumjulia hali mgonjwa kwetu Tanga, maswali yana mpangilio wake. Kwanza pole. Kisha, imeanzaje? Halafu, kabla chai haijapoa, yanakuja yale mazito: alikula wapi, aligombana na nani, nani alimtembelea siku zile, kwa nini hakuwahi hospitali. Watu hawaulizi kwa ubaya. Ugonjwa usiojulikana chanzo huogopesha, na mwenye hofu hutulia akipata wa kumlaumu, hata kama wa kulaumiwa ni mgonjwa mwenyewe.

Mama mdogo wangu, fundi cherehani wa Ngamiani, ameishi miaka kadhaa sasa na ugonjwa ambao hata waliotumia maisha yao kuutafiti hawajamaliza kuujua chanzo chake. Kinga ya mwili huzigeukia kuta za mishipa midogo ya damu na kuzivimbisha, mpaka damu inashindwa kupita au ukuta unapasuka. Jina lake la kitaalamu ni refu: granulomatosisi yenye poliangiitisi. Nyumbani tunauita ugonjwa wa mishipa, basi.

Naandika kwa sababu katika kufuatilia chanzo cha ugonjwa huu nimekutana na jambo lililobadili namna ninavyomtazama mtu yeyote anayeumwa. Kuna bakteria anayeshukiwa. Anashukiwa kwa hoja nzuri, na watu makini wamemfuatilia kwa zaidi ya miaka thelathini. Lakini hakuna anayeweza kusimama na kusema kwa hakika kwamba ndiye aliyemfikisha mama mdogo hapa.

Ugonjwa wake ulianzia puani. Pua iliziba upande mmoja, ikafuata damu kidogo asubuhi, kisha kamasi zilizoganda ambazo alizilainisha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa juu ya cherehani. Nilisimama nyuma yake siku moja nikamwona akifanya hivyo. Vilitoka vipande vikavu, vya kahawia iliyokolea, vingine ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na kila kipande kiliacha damu mbichi nyuma yake. Sikio la kushoto likawa zito. Macho yakawa mekundu. Vidole vikavimba hata matundu ya mkasi yakawa hayavipokei, akawa anakata kitambaa kwa mkono wa kushoto, polepole, huku wateja wakimsubiri. Mwishowe kikaja kikohozi, na damu kwenye leso.

Kikohozi cha damu, kukonda, jasho la usiku, na picha ya kifua inayoonyesha matundu kwenye mapafu: katika nchi yetu nani asingesema kifua kikuu? Makohozi yalipimwa, vimelea havikuonekana. Hilo hutokea hata kwa mtu mwenye TB kweli, kwa hiyo akaanzishiwa dawa. Sina neno na walioamua hivyo. Kwa kila mgonjwa mmoja wa aina ya mama mdogo, hospitali zetu hupokea watu wengi sana wenye TB, na anayechelewesha dawa ya TB kwa kuwaza magonjwa adimu anaweza kuua. Nasema hivi mapema kwa kuwa ndugu zangu wengine bado wana hasira, na mimi sioni wa kumhukumu hapo.

Aliyebadili mambo ni daktari kijana wa Dar es Salaam, aliyeuliza habari za pua kabla ya kuuliza habari za kifua. Alichovya kijiti cha kipimo kwenye mkojo uliokuwa safi kwa macho, na kijiti kikaonyesha damu na protini. Pua, mapafu na figo zikiugua kwa pamoja, daktari mwenye macho huanza kufikiria mishipa ya damu. Wakachukua kinyama puani, wakatuma damu kutafuta kingamwili ziitwazo ANCA. Majibu yaliporudi, vidonge vya TB vikasimamishwa na matibabu mengine kabisa yakaanza.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na sijaacha.

Katika damu yetu zimo seli nyeupe ziitwazo neutrofili, ambazo hufika mwanzo kabisa bakteria wanapoingia mwilini. Zimebeba vimeng'enya vikali vya kumsaga mvamizi, na kimojawapo huitwa protinezi 3. Kwa wagonjwa wengi wa aina ya mama mdogo, mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya protinezi 3 yake wenyewe. Kingamwili hizo zikizinasa neutrofili, seli huchachamaa mahali pasipo na mvamizi. Hushikamana na ukuta wa mshipa na kumwaga pale pale vimeng'enya vilivyokusudiwa bakteria. Ukuta unaungua. Mishipa ikiwa ya figo, damu huvujia kwenye mkojo. Ikiwa ya mapafu, mtu hukohoa damu.

Kabla dawa hazijapatikana, ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo. Mapitio yaliyochapishwa Uingereza mwaka 1958 yalionyesha kwamba wagonjwa waliishi kwa wastani wa miezi 5, na asilimia 82 walifariki ndani ya mwaka mmoja. Katika miaka ya 1970, Anthony Fauci na Sheldon Wolff wa Marekani walionyesha kwamba saiklofosfamaidi, dawa iliyokuwa ikitumika kwenye saratani, ikiambatanishwa na prednisoni huweza kuuzima. Mwaka 1983 walitoa taarifa ya wagonjwa 85, na asilimia 93 kati yao ugonjwa ulikuwa umetulia kabisa. Nilipomsomea mama mdogo takwimu hizo mbili, ile ya 1958 na hii ya 1983, alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo mwanangu, mimi ni mtu wa kuzaliwa kwa wakati wake." Alipewa dawa hizo hizo.

Kinachonishangaza ni kwamba hata kingamwili zenyewe zilionekana na watu waliokuwa wakiwaza maambukizi. Mwaka 1982 madaktari wa Australia walieleza habari za wagonjwa 8 wenye figo zilizoharibika, ambao damu yao ilikuwa na kingamwili dhidi ya neutrofili. Walishuku virusi vya Ross River, vinavyoenezwa na mbu. Shuku ile haikusimama, lakini kingamwili zilibaki. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Uholanzi na Denmark waliziunganisha na ugonjwa huu, na leo kipimo cha kingamwili hizo hutumika dunia nzima. Watu wale walitafuta kitu kimoja wakaokota kingine, na wagonjwa wakanufaika.

Sasa bakteria. Jina lake kamili ni Staphylococcus aureus, nitamwita stafilokoka. Msomaji anamfahamu hata kama hajawahi kulisikia jina, kwa sababu ndiye anayesababisha majipu mengi. Lakini kwa kawaida hana vurugu. Ukichukua sampuli puani kwa watu wazima wenye afya njema, karibu 3 katika kila 10 utamkuta, amekaa zake, wala mwenye pua hana habari.

Katika hospitali ya chuo kikuu ya Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, Coen Stegeman na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 57 wa ugonjwa huu. Mwaka 1994 waliandika walichokiona: asilimia 63 kati yao walikuwa na stafilokoka puani muda wote. Wale waliombeba walikuwa na hatari ya ugonjwa kurudi karibu mara 7 kuliko wasiombeba. Kwa ugonjwa unaopenda kuanzia puani, hilo si jambo la kupita hivi hivi. Tayari mwaka 1985 daktari mmoja wa Mayo Clinic, Marekani, Richard DeRemee, alikuwa ameeleza kwamba baadhi ya wagonjwa wake walipata nafuu kwa kotrimoksazoli. Kundi la Groningen likaamua kulijaribu jambo hilo kwa utaratibu: wagonjwa 81 ambao ugonjwa wao umetulia, nusu wakapewa kotrimoksazoli miligramu 960 asubuhi na jioni kwa miezi 24, nusu nyingine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 1996 matokeo yalichapishwa. Baada ya miezi hiyo 24, asilimia 82 ya waliomeza dawa walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa. Kwa wale wengine ilikuwa asilimia 60.

Kotrimoksazoli ni vile vidonge vyeupe ambavyo Tanzania nzima inavijua kwa jina la Septrin. Watoto wa rika langu walivinywa kila walipokohoa, na watu wanaoishi na VVU wamevimeza kila siku kwa miaka mingi kujikinga na magonjwa nyemelezi. Niliposoma kwamba kidonge cha bei ndogo namna ile kiliwahi kuuzuia ugonjwa mkubwa namna hii usirudi, nilijawa na furaha ya kitoto. Nilitaka kumpigia simu kila mtu. Nilidhani jibu limepatikana, tena limekuwa likiuzwa mtaani kwetu muda wote.

Daktari wetu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: je, pua iliyoharibika si ndiyo inayomkaribisha stafilokoka?

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi kuliko maswali yote niliyowahi kuulizwa. Tukikuta vitu viwili vimekaa pamoja, sisi hukimbilia kusema cha kwanza kimezaa cha pili. Lakini ngozi ya ndani ya pua ya mama mdogo imechubuka, imejaa damu iliyoganda. Bakteria gani asingependa kukaa hapo? Huenda ugonjwa ndio unaomwita bakteria. Huenda kila mmoja anamchochea mwenzake, ugonjwa ukichubua, bakteria akichokoza, na mzunguko hauishi. Tena dawa kusaidia si ushahidi kamili kwamba inamuua mshukiwa wetu na si vinginevyo, kwa kuwa katika jaribio lile waliomeza kotrimoksazoli walipata pia maambukizi machache ya njia ya hewa. Na wapo waliomeza dawa kila siku, ugonjwa ukarudi vile vile.

Kwa hiyo wataalamu wakaingia ndani zaidi, kwenye maabara, kuuliza bakteria angewezaje kuifanya kinga ijigeuke. Njia kadhaa zimependekezwa. Stafilokoka hutoa sumu zinazoamsha seli za kinga nyingi kwa mkupuo, bila kuchagua, na katika kundi kubwa lililoamshwa ovyo zinaweza kuwamo zinazoupinga mwili wenyewe. Neutrofili nazo, kama watafiti wa Berlin walivyoonyesha mwaka 2004, zikipambana na bakteria hutupa nje nyuzi za DNA yao kama jarife la mvuvi ili kumnasa, na ndani ya jarife hilo hutoka pia protinezi 3. Mwaka 2009 majarife ya namna hiyo yalionekana katika figo za wagonjwa wa mishipa. Kitu kilichopaswa kubaki ndani ya seli kimeanikwa nje, mbele ya mfumo wa kinga, na pengine hapo ndipo kingamwili zinapojifunza kukichukia. Na mwaka 2019, kikundi cha Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, kilikuta kipande cha protini ya stafilokoka kinachofanana na sehemu ya mieloperoksidezi, kimeng'enya kingine cha neutrofili kinacholengwa katika ugonjwa ulio ndugu wa huu. Panya waliochanjwa kwa kipande hicho waliugua figo.

Panya si mama mdogo. Najizuia kila mara. Nina sababu: mwaka 2008 kikundi cha Vienna kilitangaza kwamba wagonjwa wengi wana kingamwili dhidi ya protini iitwayo LAMP-2, inayofanana na kipande cha bakteria wengine kabisa, wale wa tumboni. Ilikuwa habari kubwa. Mwaka 2012 maabara ya Marekani ilitafuta kingamwili hizo kwa wagonjwa wake na haikuziona kwa kiwango kile. Vienna wakashikilia walichokiona. Walibishana kwa vipimo. Natamani familia zetu zingeweza kutofautiana namna hiyo.

Maana sisi hatukuweza. Daktari alimpima mama mdogo pua kwa pamba, na karatasi ya majibu ikaonyesha stafilokoka. Nilikuwa nimeshaieleza familia juu juu habari za utafiti wa Groningen. Karatasi ilipofika nyumbani, wifi yake aliishika, akaisoma mara mbili, akasema, "Basi tumempata."

Aliyepatikana alikuwa binti wa kazi, mtoto wa Lushoto, aliyekuja nyumbani miaka miwili kabla ya ugonjwa. Mwaka mmoja alitokwa na majipu mkononi, na kila mtu alikumbuka. Ndiye aliyekuwa akikanda unga, akifua mashuka, akimshika mama mdogo mabega usiku wa kikohozi. "Si hayo majipu yake ndiyo mdudu huyo huyo? Ameyaleta humu ndani." Binti alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sinia la mchele anaochambua. Aliendelea kuchambua. Vidole vyake vilikuwa vinaenda haraka mno, punje nzima na chuya zote zikidondoka pamoja.

Nilisema nilichokijua: kwamba katika sebule ile tulikuwa watu kumi na zaidi, na tukipimwa sote, watatu au wanne watakutwa naye puani, pengine na wifi mwenyewe, kwamba hakuna mtafiti popote anayesema ugonjwa huu huambukizwa, kwamba mama mdogo pengine alikuwa naye tangu utotoni. Mama mdogo naye, kwa sauti yake iliyokwisha kuharibiwa na pua, alisema, "Wifi, huyu mtoto ndiye aliyenishika nilipokuwa nakohoa damu. Kama ni mdudu, mimi ndiye ningempa yeye."

Wifi akanyamaza, lakini neno lilishatoka. Binti aliondoka wiki ile ile na mfuko wake wa shangazi kaja. Mama mdogo alimwomba abaki. Alijibu kwa adabu, "Mama, nitakuwa napika kwa woga." Tulimlipa stahiki yake, tukampeleka stendi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tulimpa haki ya fedha, haki ya jina hatukuweza kumrudishia.

Tangu hapo nimeshika jambo moja na ningependa kulisema kwa nguvu zangu zote. Kutafuta chanzo ni kazi njema, na ni lazima ifanywe. Kutafuta mkosaji ni kazi nyingine, na mara nyingi huvaa nguo za ile ya kwanza. Anayetafuta chanzo huuliza ili apunguze maumivu, yuko tayari jibu libadilike, na haoni haya kusema mambo manne yamechangia. Anayetafuta mkosaji anataka mmoja, anamtaka leo, na kwa kawaida humkuta yule asiye na wa kumsemea.

Na ugonjwa huu hauna mmoja. Kwa wenye kingamwili za protinezi 3, uchunguzi wa vinasaba umeonyesha tofauti fulani za kurithi zinazoongeza uwezekano. Vumbi la silika, linalotoka kwenye mawe na mchanga, linatajwa. Bakteria yumo katika orodha. Juu ya yote hayo iko bahati, seli gani ilikutana na nini siku gani. Mama mdogo alikuwa akiniuliza usiku, wakati wengine wamelala: "Nilikosea nini?" Alipitia maisha yake yote, mpaka ugomvi na marehemu bibi kuhusu kiwanja. Nilimjibu kwa kumsomea orodha hiyo, polepole. Haikumfariji siku ya kwanza, na mimi sidhani kwamba maarifa hufariji haraka. Lakini baada ya muda aliacha kuuliza, na sasa hutoka barazani bila kujifunika mtandio usoni, ingawa mgongo wa pua yake umedidimia na watu wageni humkodolea macho.

Nisieleweke kwamba chanzo si muhimu. Kuna mahali ambapo kukijua ndiko kupona au kufa. Bakteria wakiota kwenye vali za moyo, mtu hupata homa, hukonda, mkojo wake huwa na damu, na kipimo cha ANCA kinaweza kuonyesha kwamba zipo. Kwa karatasi anafanana na mama mdogo. Lakini yeye anahitaji antibayotiki kwa wiki nyingi, na dawa za kuishusha kinga zinaweza kumwua. TB nayo inaweza kufanya kipimo hicho kionyeshe hivyo hivyo. Ndiyo maana daktari yule kijana, pamoja na haraka yote, aliagiza damu ioteshwe kwanza na kinyama kichukuliwe. Wakati ule nilimwona anachelewa. Leo najua kuchelewa kule kulikuwa sehemu ya matibabu.

Na msomaji mwenye ndugu wa namna hii asikimbilie duka la dawa kununua Septrin. Mama mdogo alipewa, kwa dozi ndogo, kazi yake ikiwa kuyalinda mapafu wakati kinga yake imeshushwa na dawa kali. Kuitumia kwa ajili ya kuzuia ugonjwa usirudi ni uamuzi wa daktari, na mgonjwa anayemeza methotrekseti akichanganya na dozi kubwa ya kotrimoksazoli anaweza kuharibikiwa uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Kidonge cha bei ndogo si kidonge cha mchezo.

Jina la ugonjwa nalo lina hadithi yake. Kwa miongo mingi uliitwa kwa jina la Friedrich Wegener, mtaalamu wa patholojia wa Ujerumani aliyeueleza kwa kina mwaka 1936 na 1939, ingawa mwenzake Heinz Klinger alikuwa ameandika habari za mgonjwa wa aina hiyo mwaka 1931. Baadaye ilifahamika kwamba Wegener alijiunga na wanamgambo wa SA mwaka 1932, kabla hata Hitler hajashika madaraka, kisha akaingia chama cha Nazi. Mwaka 2011 vyama vikubwa vya madaktari vya Marekani na Ulaya vilikubaliana kuubadili jina. Hapo kulikuwa na hesabu ya kudai kwa mtu, nayo ikadaiwa kwa nyaraka. Sijali kwamba jina jipya ni gumu kutamka.

Nikirudi kwa bakteria, iko homa moja ambayo uhusiano kati ya bakteria na kinga kujigeuka umeshathibitishwa, nayo inatuhusu sana Afrika Mashariki. Mtoto huumwa koo kwa sababu ya bakteria aitwaye streptokoka. Koo linapona, na wiki chache baadaye kinga inashambulia viungo na vali za moyo wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, madaktari katika kambi ya jeshi ya Fort Warren, Wyoming, walionyesha kwamba kulitibu koo kwa penisilini huizuia homa hiyo. Na huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watoto 818 ambao vali zao zilikuwa na dalili za mwanzo walifuatiliwa kwa miaka miwili. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4. Kwa waliochomwa, asilimia 0.8 hali yao ilizidi kuwa mbaya. Kwa wasiochomwa, asilimia 8.2. Taarifa ilitoka mwaka 2021. Dawa ile haikuhitaji mama yeyote aulizwe mtoto wake alipata wapi koo.

Mama mdogo nilimsomea na hiyo. Huenda kliniki kila baada ya miezi mitatu, hupimwa mkojo na kriatinini, na pua yake anaisafisha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Mara ya mwisho nilipomsindikiza, alimwuliza daktari kama watafiti wanahitaji sampuli za watu wa huku, kwa sababu habari zote nilizomsomea za ugonjwa wake zimetoka Ulaya, Marekani na Australia. Daktari alisema kwamba katika bara letu ugonjwa huu umeandikwa mara chache sana, ama kwa kuwa ni nadra, ama kwa kuwa wengi wanazikwa kwa jina la kifua kikuu.